Mervyn Cowie: Mhasibu aliyeifikisha Amboseli kwenye sinema za dunia

WATALII wengi wanaozuru Mbuga ya Amboseli, katika Kaunti ya Kajiado, hufika huko wakiwa tayari na picha akilini: kundi la ndovu likipita taratibu katika vumbi jeupe, na nyuma yake kilele cha Mlima Kilimanjaro kilichofunikwa na theluji. Picha hiyo imechapishwa katika kalenda, kadi za posta na matangazo ya utalii kwa miongo mingi, kiasi kwamba mtu hudhani ilikuwapo siku zote.

Ni wachache wanaofahamu kwamba miongoni mwa waliochangia kuisambaza duniani, kupitia filamu ya rangi iliyotazamwa na mamilioni ya watu mwanzoni mwa miaka ya 1950, ni mhasibu mmoja mzaliwa wa Nairobi aliyeitwa Mervyn Cowie. Kisa cha maisha yake ndicho kilichogeuzwa kuwa filamu, na ardhi ya Wamaasai wa Kajiado ndiyo iliyokuwa jukwaa lake.

Cowie ndiye pia aliyekuwa mkurugenzi wa kwanza wa mbuga za kitaifa nchini Kenya, wadhifa alioushikilia kwa miaka 20. Hata hivyo, swali aliloliacha bila jawabu, kuhusu nani hasa mwenye haki juu ya ardhi ambayo wanyama hao huishi, lingali linatokota katika nyanda za Kitengela na Amboseli.

Utoto pembezoni mwa nyika

Mervyn Hugh Cowie alizaliwa Nairobi mnamo Aprili 13, 1909. Wakati huo mji ulikuwa na umri wa miaka kumi tu tangu reli kutoka Mombasa ilipofika hapo mwaka wa 1899. Wazazi wake walikuwa walowezi, na kijana huyo alilelewa katika mazingira ambamo kusikia simba akinguruma usiku halikuwa jambo la kushangaza.

Kusini mwa mji huo kulikuwa na nyanda zilizotandaa kuvuka Mto Mbagathi hadi Kitengela na Kaputiei. Nyumbu, punda milia, kongoni na swara walizunguka humo kwa makundi makubwa, wakifuata mvua na malisho. Wamaasai na mifugo yao walizunguka vivyo hivyo, kwa mujibu wa majira yale yale.

Wamaasai hao walikuwa wamekwisha kupata pigo kubwa. Mkataba wa 1904 uliwaondoa katika sehemu kubwa ya Bonde la Ufa ili kuwapisha walowezi, na ule wa 1911 ukawahamisha tena kutoka Laikipia, wakasukumwa wote kusini katika eneo lililojumuisha Kajiado ya leo. Sehemu kubwa ya ardhi hiyo ya kusini ilikuwa pia imetangazwa kuwa hifadhi ya wanyama mnamo 1906. Hivyo basi, tangu mwanzo wa karne ya 20, watu na wanyama waliwekwa pamoja katika ardhi moja kwa amri ya serikali ya kikoloni.

Cowie alipelekwa Uingereza kwa masomo, akasoma katika Chuo Kikuu cha Oxford, kisha akahitimu kuwa mhasibu. Aliporejea Kenya mwaka wa 1932, alishtuka kuona jinsi wanyama walivyokuwa wamepungua katika nyanda za Athi. Mashamba yalikuwa yamepanuka, bunduki zilikuwa zimeongezeka, na gari lilikuwa limemwezesha mwindaji kufika mahali ambapo zamani alihitaji siku kadhaa za safari kwa miguu.

Barua ya hila

Kwa miaka kadhaa Cowie alijaribu kuishawishi serikali itenge maeneo ambamo uwindaji na makazi vingepigwa marufuku kabisa, kama ilivyokuwa imefanyika Marekani na Afrika Kusini. Hakusikizwa. Maafisa waliona kwamba suala la wanyama lingeweza kusubiri, na walowezi wengi walijali zaidi mazao na ng'ombe wao.

Hapo ndipo mhasibu huyo alipobuni hila ambayo imebaki kuwa kisa mashuhuri zaidi katika maisha yake. Aliandika barua kwa gazeti la East African Standard akitumia jina la kubuni, akijifanya mlowezi mkongwe aliyechoshwa na wanyama wa porini. Katika barua hiyo alipendekeza wanyama wote wauawe ili ardhi ibaki kwa wakulima na wafugaji.

Hasira aliyoitarajia ilizuka. Wasomaji walimiminika kuandika barua za kupinga, mikutano ikaitishwa, na serikali ikalazimika kulishughulikia jambo ambalo ilikuwa imelipuuza. Mnamo 1939 kamati iliundwa kuchunguza sera ya wanyamapori, ingawa Vita vya Pili vya Dunia vilisimamisha kazi hiyo, na Cowie mwenyewe akaingia jeshini.

Tukio hilo linaeleza mengi kuhusu tabia yake. Alikuwa ametambua mapema kwamba takwimu na ripoti hazingewasisimua watu. Alihitaji kisa, chenye tishio na mhalifu, ndipo umma usimame. Ufahamu huo ndio uliomfanya baadaye awe rafiki wa watu wa sinema.

Mbuga ya kwanza, jirani ya Kitengela

Baada ya vita, sheria ya mbuga za kitaifa ilipitishwa mnamo 1945, na Cowie akateuliwa mkurugenzi. Mnamo Desemba 1946, wakati wa utawala wa Gavana Sir Philip Mitchell, Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi ilianzishwa rasmi. Ilikuwa ya kwanza nchini Kenya, yenye ukubwa wa takriban kilomita mraba 117, kilomita chache tu kutoka katikati ya jiji. Tsavo ilifuata mnamo 1948.

Ili Mbuga ya Nairobi ipatikane, Wasomali waliokuwa wakiishi hapo na Wamaasai waliokuwa wakilisha mifugo yao walilazimika kuondoka. Mpango wa Cowie ulikuwa kwamba mbuga ya kitaifa iwe mahali pa wanyama na wageni pekee, na makazi ya watu pamoja na malisho ya mifugo yawe nje ya mipaka yake.

Lakini mipaka ya karatasi haikuwafahamu nyumbu. Mbuga hiyo ilikuwa ndogo mno kuwatosha mwaka mzima, na upande wake wa kusini uliachwa wazi. Kila mvua ziliponyesha, makundi yalivuka mto na kutawanyika Kitengela, katika ardhi ya Wamaasai, kisha yakarudi mbugani wakati wa kiangazi. Kwa maneno mengine, mbuga ya kwanza ya Kenya iliishi kwa hisani ya wafugaji wa Kajiado, ambao hawakuwa sehemu ya mpango wake.

Afrika ya kubuni huko California

Wakati huo, picha ya Afrika katika sinema za Magharibi mara nyingi haikutengenezwa Afrika hata kidogo. Kampuni za Hollywood zilimiliki au kukodi ranchi kubwa viungani mwa Los Angeles, kama vile Paramount Ranch na Iverson, ambako milima ya mawe na vichaka vilitumiwa kwa filamu za wachunga ng'ombe wa Marekani. Ranchi kama hizo ziliweza kugeuzwa kuwa India, Arabuni au Afrika, kulingana na mahitaji ya kisa.

Palikuwa na waliothubutu kusafiri. Mwaka wa 1929 kampuni ya MGM ilileta kikundi kikubwa Afrika Mashariki kupiga filamu ya Trader Horn, iliyoonyeshwa mwaka wa 1931. Ilipita Kenya, Uganda, Tanganyika na Congo, na matatizo ya safari hiyo, ikiwemo maradhi ya mwigizaji wake mkuu wa kike, yaliwafanya wengi waone kwamba ranchi za California zilikuwa salama na rahisi zaidi.

Hali ilibadilika mwishoni mwa miaka ya 1940. Filamu za rangi zilikuwa zimeanza kuenea, na watazamaji walitaka kuona mandhari halisi. Mwaka wa 1950 ilitokea King Solomon's Mines, iliyopigwa kwa kiasi kikubwa Afrika Mashariki na Congo, ikapata mafanikio makubwa. Kutoka hapo, nyika za Kenya na Tanganyika zikawa sehemu inayotafutwa na kampuni za sinema.

Amboseli ilikuwa na kila kitu walichokihitaji. Ardhi yake ni tambarare, hivyo kamera iliona mbali. Chemchemi zinazotokana na maji ya Kilimanjaro ziliwafanya wanyama wasisogee mbali hata wakati wa kiangazi. Na mlima wenyewe, ingawa upo Tanzania, huonekana vizuri zaidi kutoka upande wa Kajiado. Nyumba zilizojengwa kwa ajili ya kikundi cha watengenezaji filamu pale Ol Tukai ziligeuzwa baadaye kuwa malazi ya wageni.

Kisa chake chageuka filamu

Miongoni mwa waliofika Kenya wakitafuta kisa alikuwa Harry Watt, mwongozaji wa filamu kutoka Scotland aliyefanya kazi na studio ya Ealing ya London. Watt alipata umaarufu kwa filamu za matukio ya kweli, kisha akaenda Australia na kutengeneza The Overlanders mnamo 1946, kuhusu wachungaji waliosafirisha kundi kubwa la ng'ombe kuvuka bara hilo wakati wa vita. Ilifanana mno na filamu za Marekani za wachunga ng'ombe, ila ilipigwa katika nyika halisi na si katika ranchi ya studio.

Nchini Kenya, Watt alivutiwa na juhudi za Cowie. Kisa cha mtu mmoja aliyepigana na urasimu, majangili na kutojali kwa watu ili wanyama wapate mahali pa kuishi kilikuwa na kila kiungo cha sinema. Jina la Cowie halikutumiwa, lakini mhusika mkuu, askari wa wanyama aitwaye Bob Payton, alitokana na maisha yake.

Filamu hiyo iliitwa Where No Vultures Fly, jina lenye kudokeza nchi isiyo na mizoga, ambako tumbusi hawana cha kurukia. Anthony Steel aliigiza nafasi ya Payton na Dinah Sheridan akawa mkewe. Mwigizaji mashuhuri kutoka Nigeria, Orlando Martins, naye alikuwamo. Sehemu kubwa ya upigaji picha ilifanyika Amboseli, chini ya Kilimanjaro.

Mnamo Novemba 1951 filamu hiyo ilichaguliwa kuwa filamu ya onyesho la kifalme jijini London, heshima iliyotolewa kwa filamu moja tu kila mwaka. Mwaka uliofuata ilikuwa miongoni mwa filamu zilizopendwa zaidi katika majumba ya sinema ya Uingereza, na nchini Marekani ilionyeshwa kwa jina la Ivory Hunter. Mafanikio hayo yalizaa filamu ya pili, West of Zanzibar, mnamo 1954, iliyomfuata mhusika yule yule hadi pwani akiwasaka wafanyabiashara wa pembe za ndovu.

Kwa Cowie, faida ilikuwa kubwa. Watu waliokuwa hawajawahi kusikia kuhusu Kenya waliona wanyama wake kwa rangi kamili, na utalii wa kutazama wanyama, badala ya kuwawinda, ukaanza kukua. Faru wa Amboseli wenye pembe ndefu mno, Gertie na Gladys, walipigwa picha na wageni wengi kiasi cha kujulikana kwa majina.

Yaliyoachwa nje ya picha

Lakini kamera huchagua inachoonyesha. Katika kisa kilichopendwa London, shujaa alikuwa Mzungu mmoja, na Waafrika walikuwa aidha wasaidizi wake au watu waliohitaji kuelimishwa na kuzuiwa. Haikuelezwa kwamba wanyama wa Amboseli walikuwa wengi kwa sababu waliishi kati ya jamii ya wafugaji ambayo kwa desturi haikutegemea nyama ya porini.

Amboseli ilikuwa imetangazwa hifadhi ya kitaifa mnamo 1948, ikiwa na ukubwa wa takriban kilomita mraba 3,260. Humo Wamaasai waliruhusiwa kuendelea kuishi na kunywesha mifugo. Kadiri wageni walivyoongezeka, ndivyo mvutano ulivyozidi. Cowie na maafisa wake waliona mifugo kuwa tishio kwa malisho na kwa sura ya mbuga, na wakataka sehemu ya katikati yenye chemchemi itengwe kwa wanyama pekee. Kwa Wamaasai, chemchemi hizo ndizo zilizowavusha katika miaka ya ukame. Kuzipoteza kulimaanisha kupoteza ng'ombe.

Cowie hakuwa mtu aliyesimama nje ya siasa za wakati wake. Alikuwa mwanachama wa Baraza la Kutunga Sheria katika miaka ya 1950, na wakati wa hali ya hatari, serikali ilipokuwa ikipambana na Mau Mau, alipewa jukumu la kusimamia nguvu kazi. Alitumikia mfumo ule ule uliowanyima Waafrika sauti juu ya ardhi yao. Mnamo 1960 alitunukiwa nishani ya CBE, na mwaka wa 1961 akachapisha kitabu chake, Fly, Vulture, kinachosimulia jinsi mbuga za Kenya zilivyoanzishwa.

Mwaka huo huo wa 1961 usimamizi wa Amboseli ulikabidhiwa baraza la wilaya la Kajiado, ili mapato ya wageni yawafikie wenyeji. Hatua hiyo ilikuwa kukiri kwamba mpango wa mbuga bila wenyeji haungesimama katika ardhi ya Wamaasai.

Miaka ya mwisho

Baada ya Uhuru, Cowie aliendelea kazini hadi 1966, alipompisha Perez Olindo, Mwafrika wa kwanza kuongoza mbuga za kitaifa za Kenya. Katika miaka ya 1970 alirudi kwenye taaluma yake ya uhasibu, akasimamia fedha za shirika la AMREF, linalojulikana kwa huduma ya madaktari wanaosafiri kwa ndege. Alifariki nchini Uingereza mwaka wa 1996, akiwa na umri wa miaka 87.

Mzozo aliouacha Amboseli haukufa naye. Mnamo 1974, kilomita mraba 392 za katikati zilifanywa mbuga ya kitaifa chini ya serikali kuu, na Wamaasai wakaahidiwa maji ya mabomba na sehemu ya mapato badala ya chemchemi. Ahadi hizo hazikutimizwa kikamilifu, na katika miaka hiyo ya mvutano baadhi ya vijana waliwaua faru na ndovu kwa mikuki kuonyesha hasira yao. Ujangili nao ukaongezeka, na hatimaye faru wote wa Amboseli wakatoweka.

Mwaka wa 2005 serikali ya Rais Mwai Kibaki ilijaribu kuirejesha mbuga hiyo kwa Baraza la Kaunti ya Olkejuado, wiki chache kabla ya kura ya maamuzi kuhusu katiba. Mahakama ilibatilisha hatua hiyo baadaye, lakini madai ya wakazi wa Kajiado hayakunyamaza, na yakarejea kwa nguvu wakati wa utawala wa Rais William Ruto.

Upande wa Kitengela, mambo yalichukua mkondo mwingine. Ardhi ya pamoja iligawanywa kuwa vipande vya watu binafsi, na viwanda vilivyoanzishwa Athi River baada ya 1990 vilivutia maelfu ya wafanyakazi waliohitaji makazi. Ua mmoja baada ya mwingine ulifunga njia za nyumbu. Kuanzia mwaka wa 2000, mpango wa kuwalipa wenye ardhi takriban dola nne za Marekani kwa ekari kila mwaka, ili wasijenge ua wala kuuza mashamba, ulisaidia kuacha baadhi ya njia wazi. Hata hivyo, bei ya ploti moja mjini Kitengela ilizidi kwa mbali malipo hayo, na makundi makubwa ya nyumbu waliovuka mto katika ujana wa Cowie yamebaki masimulizi.

Hapo ndipo ulipo uzito wa maisha ya mhasibu huyu. Bila yeye, huenda nyanda zilizo karibu na Nairobi zingegeuka mashamba na majengo kabla ya Uhuru, na wajukuu wa Wakenya wa leo wasingemwona simba ila vitabuni. Alifaulu kuwashawishi magavana, wahariri na watazamaji wa sinema wa London kwamba wanyama hao walikuwa na thamani.

Waliobaki bila kushawishiwa ni wale walioishi na wanyama hao kila siku, waliopoteza ndama kwa simba na malisho kwa punda milia. Nchini Kenya, wanyamapori wengi huishi nje ya mipaka ya mbuga, katika ardhi za watu binafsi na za jamii. Mustakabali wao unaamuliwa na mfugaji wa Kaputiei au Olgulului anapopima kama nyumbu anayepita shambani mwake anamletea faida au hasara, na jawabu lake hutegemea kama sehemu ya fedha zinazolipwa langoni mwa mbuga inamfikia.